Steringi hafi, sasa wale ambao sio steringi?

Kila riwaya za fantasia za watoto zikitajwa mabishano yanaenda njia ileile. Huku wazazi wanasema hivi vitabu vinafundisha uchawi, vinazoesha mtoto kukaidi wakubwa na kuishi hewani, huku sisi tuliovisoma mpaka majalada yakachanika jibu letu ni moja tu, ah bana vinafundisha urafiki na ujasiri. Yani miaka na miaka hatusogei. Na mimi naona pande zote mbili zinalipiga chenga swali lenyewe.

Uchawi tuumalize haraka. Harry Potter, zile riwaya za mtoto yatima anayesoma shule ya uchawi, ndo kesi kubwa, kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza 1997 cha saba 2007, na chama cha maktaba cha Marekani kiliuweka mfululizo huo namba moja kwa kulalamikiwa kati ya 2000 na 2009. Sasa hebu soma mwenyewe uone huo uchawi unafundishwaje. Mtoto anazungusha fimbo, anatamka neno lenye harufu ya Kilatini, unyoya unapaa. Ukijaribu nyumbani unyoya umelala palepale na wewe umebaki na aibu yako. Afu tusisahau tumekulia hadithi za sungura anayeiba, anadanganya, anamuuza fisi mchana kweupe na tunamshangilia, sijawahi kuona mzazi akilalamika kwamba sungura anafundisha utapeli.

Hoja ya ukaidi ila ina uzito, na sisi mashabiki tunaikimbia. Kuna somo la kurusha ufagio kwenye kitabu cha kwanza. Neville, yule dogo mzito mwenye bahati mbaya, anaanguka anavunjika kifundo cha mkono, mwalimu anampeleka kutibiwa na anawaambia wengine asiguse mtu ufagio, atakayeruka atafukuzwa shule. Hasimu wa Harry pale darasani anaokota kitu cha Neville anaruka nacho, Harry naye anaruka kumfuata. Mwalimu mwingine anaona kila kitu dirishani. Adhabu? Anawekwa kwenye timu ya mchezo wa kuruka na ufagio, na baadaye anapewa ufagio mpya wa bei mbaya wakati sheria inasema mwaka wa kwanza haruhusiwi hata kumiliki wa kwake. Tunafurahi maana alikuwa anamtetea rafiki, sawa, lakini somo lililobaki ni kwamba sheria ipo kwa ajili ya watu wasio na kipaji. Mzazi akiliona hilo hajakosea, tena ameona kitu kizito kuliko huo uchawi anaousema.

Na hapo ndo penyewe. Karibu hizi stori zote zina mteule, kile tulichozoea kusema kwenye muvi steringi hafi. Mtoto aliyeonewa, asiye na mbele wala nyuma, siku moja anaambiwa wewe sio wa kawaida. Ukiwa na miaka kumi na moja na hakuna anayekuona darasani, sentensi hiyo ni chakula. Percy Jackson, 2005, ndo mfano mzuri, mwandishi aliianza kama hadithi ya kumsimulia mwanae aliyekuwa na shida ya kusoma na kutulia, akaja na wazo kwamba herufi zinamchezea Percy kwa sababu ubongo wake umetengenezwa kwa Kigiriki cha kale, na hatulii kwa sababu mwili wake unasubiri vita. Baba yake ni mungu wa bahari bwana. Mtoto aliyeitwa mjinga akisoma pale anakaa wima, na mtu akiniambia hiyo haina faida simuelewi.

Ila geuza upande wa pili. Yule mwenye shida hiyohiyo ambaye baba yake sio mungu wa kitu chochote, anabaki na nini? Thamani imetoka kwenye damu. Na Harry Potter yenyewe inajichanganya hapa, adui mkuu, mchawi Voldemort, anahubiri usafi wa damu na kitabu kinampinga kwa nguvu zote, halafu dunia nzima ya hadithi imejengwa juu ya kitu unachozaliwa nacho au huzaliwi nacho, na wasionacho wengi wao ni wa kuchekwa.

Mfano ni Petunia, yule mama mkubwa wa Harry aliyemlaza kwenye stoo chini ya ngazi. Vitabu sita tunamchukia bila kupumzika. Kitabu cha saba ndo tunajua kwamba alipokuwa mtoto, mdogo wake, mama yake Harry, alipoitwa shule ya uchawi, Petunia aliandika barua kwa mkuu wa shule akiomba na yeye achukuliwe. Alijibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Basi. Maisha yake yote ya roho mbaya yanatoka kwenye ile barua, na mwandishi anatuonyesha kwa kurasa chache afu anasonga mbele. Nilisoma nikakiweka kitabu chini kwanza. Simtetei, mtoto kwenye stoo ni mtoto kwenye stoo, lakini hiyo ndo fantasia ikisema ukweli juu ya fantasia, kwamba kila mteule ana ndugu aliyebaki nje ya mlango.

Kwahiyo mimi kitabu cha aina hii nakipima hapo, kinamtendeaje yule ambaye hakuchaguliwa au aliyeharibu. Hotuba za yule mzee mwenye hekima na ndevu hata sizihesabu. Narnia, zile hadithi za C.S. Lewis za watoto wanaoingia nchi ya kichawi, kwa kipimo hicho inapata na inakosa. Kitabu cha 1950 kina Edmund anayewauza ndugu zake kwa malkia kisa peremende, na sisi wa leo tunaona dogo mlafi tu, kumbe Uingereza ya wakati ule peremende zilikuwa bado zinatolewa kwa mgao mpaka 1953, msomaji mtoto alijua kabisa ile tamaa ina nguvu gani. Edmund anasamehewa, anakua anakuwa mfalme anayesifiwa kwa haki. Safi sana. Halafu kitabu cha mwisho, 1956, dada yake Susan anatolewa nje kwa mistari michache kwa kuwa amekua anapenda lipstiki, soksi za nailoni na mialiko, wakati ndugu zake wote wamekufa kwenye ajali ya treni na yeye ndo kabaki peke yake duniani. Msaliti wa ndugu ana njia ya kurudi, msichana aliyejipodoa tunaachwa hatujui. Mashabiki wanatetea kwamba bado yuko hai na ana muda wa kutubu, hoja ipo, ila mtoto anayesoma hapati hiyo, anapata mlango uliofungwa.

Aliyeniridhisha zaidi ni Ursula Le Guin na A Wizard of Earthsea ya 1968. Ged ana kipaji kuliko wenzie na anajua, anajisifu mbele yao, anafungua kitu asichokiweza na kivuli kinatoka kinamrarua uso. Anakikimbia muda mrefu mpaka anageuka kukifukuza yeye, na walipokutana hakuna kupigana, anakiita kwa jina lake mwenyewe Ged, nacho kinamuita hivohivo. Kipaji cha kuzaliwa kipo, ila hapa ndo kimezaa tatizo.

Nirudi kwa Neville nimalizie. Kwenye kitabu cha tano, mwishoni, Harry anaambiwa kwamba utabiri uliomfanya awe mteule ulikuwa unawafaa watoto wawili, wote wamezaliwa mwisho wa Julai, wote wazazi wao walimpinga adui mara tatu. Wa pili ni Neville. Adui alimchagua Harry basi ikawa hivo, kama bahati nasibu. Mara ya kwanza niliipita haraka nikimuwahi steringi. Niliporudia kusoma nikakumbuka kwamba kwenye kitabu hichohicho nyuma kidogo kuna siku ya Krismasi hospitalini. Wazazi wa Neville wapo wodini, waliteswa mpaka akili ikaondoka. Mama yake, nywele nyeupe, anakuja taratibu anamnyooshea mkono mwanae, anampa karatasi tupu ya bigijii, Neville anamshukuru. Bibi anasema itupe, zile alizokwisha kupewa zinatosha kubandika ukuta mzima wa chumba. Halafu Harry anamuona Neville anaitia karatasi mfukoni.