Kocha Yuko Hai, Jamani

Kwanza niseme: jeneza halikutolewa msikitini. Huyo rafiki yangu aliyewarushia sauti ya dakika nne kwenye grupu, eti nilimtangaza kocha wetu marehemu kwenye maiki naye yuko mbele yangu, ameongeza chumvi. Watu wawili walienda kuuliza kama lipo, basi. Hayo mengine aliyosema ni kweli, na ndiyo maana naandika sasa hivi kabla hajatoa sehemu ya pili.

Ilikuwa Alhamisi ile ya kuwatuza wachezaji na makocha wa mtaa, pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu. Vikombe vitatu, vyeti vyenye fremu, na chupa ya chai kwa kila kocha. Maiki nikapewa mimi. Hapa Lamu ukizaliwa na sauti nzito huna raha: harusi wewe, maulidi wewe, punda akipotea wewe.

Kocha mwenyewe alistahili, wala simbezi. Nyinyi wa bara hamjui shida ya kuwa na timu visiwani. Tukienda kucheza Faza, kule kisiwa cha Pate, hatuangalii saa, tunaangalia maji. Ule mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka, boti inakaa juu ya tope na wachezaji kumi na mmoja ndani yake, na mechi inaendelea kuwasubiri ng'ambo. Kocha anajua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo, kuliko manahodha wengine. Yeye huwagongea vijana milango alfajiri, yeye hubeba mipira kwenye gunia la mchele, na shilingi ya mtu hajawahi kuipokea. Agosti 2025, Harambee Stars walipotolewa na Madagaska kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN, alituzimia TV akatupeleka uwanja wa Twaif usiku uleule kupiga penalti. Mimi si mchezaji hata, nilipita tu kununua mkate.

Sasa karatasi. Hapa ndipo mtanicheka, chekeni.

Alasiri ya siku hiyohiyo tulikuwa na hitima ya mtaa, kisomo cha kuwaombea marehemu. Kila nyumba ilileta majina ya marehemu wake, nami nikayaandika kwenye karatasi moja niyasome. Nilipoambiwa niandae na majina ya wachezaji, nikaona karatasi ile nyuma ni nyeupe pepepe. Kwa nini niende dukani? Karatasi ni shilingi tano, lakini shilingi tano ni shilingi tano. Nikageuza, nikaandika.

Na jambo la pili mlijue: kocha amepewa jina la babu yake. Baba yake naye alipewa jina la babu yake. Ukoo ule una majina mawili tu, yanapigiana pasi tangu enzi za Masultani. Babu ni marehemu. Familia ya kocha ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuleta majina ya hitima. Mnaanza kunipata?

Kipa bora nikamwita vizuri. Mfungaji bora vizuri. Nikaiweka karatasi juu ya meza nimeze maji, upepo wa kusi ukataka kuibeba, nikaikamata kwa kiganja. Sikuangalia nimekamata upande gani.

Nikasema, "Na sasa, mliyekuwa mkimngoja!" Vigelegele upande wa kina mama. Kocha yuko safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, koja la asumini shingoni. Kijana mmoja anapita na mrashi, anawanyunyizia wageni marawaridi. Nikainamisha macho kwenye karatasi. Jina la kwanza juu: lake. Nikalisoma lote, fulani bin fulani bin fulani, kwa ile sauti yangu ya chini mnayoijua. Makofi.

Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa mtu na heshima zangu.

Lakini sauti ile ya chini ndiyo ya hitima. Ulimi ukaona jina, ukaona mwandiko wangu, ukashika njia yake ya kila Alhamisi. Nikajisikia nasema, taratibu kabisa, "...aliyetutangulia mbele ya haki, Mola amlaze pema." Makofi yakakatika. Si yote kwa pamoja. Yakawa yanakufa mojamoja, mpaka akabaki mzee mmoja nyuma anapiga peke yake. Nami, badala ya kushtuka, nikanyanyua mikono na kusema, "Alfatiha."

Mwaijua Lamu. Ukisema Alfatiha hakuna anayeuliza ya nani. Mikono yote ikapanda. Kipa bora akabana kombe lake kwa magoti ili apate kunyanyua mikono. Kijana wa mrashi akasimama palepale mbele ya kocha, mrashi umeinama, marawaridi yanamdondokea kocha kwenye kofia, tone, tone, tone.

Na kocha mwenyewe? Kocha kanyanyua mikono. Kasoma. Namuona midomo inavyocheza. Kajisomea Fatiha yake mwenyewe mpaka mwisho, akaitikia amin, akajipangusa uso.

Nikaendelea na jina la pili. "Bi..." Nikanyamaza. Timu yetu haina Bi.

Nikageuza karatasi. Nikaigeuza tena. Ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984, na wallahi nilitamani waifungue usiku huo wanitie ndani, nijifungie mwenyewe na ufunguo niumeze.

Kocha akainuka polepole, maji ya mawaridi yanamchuruzika shavuni. Maiki ilikuwa bado wazi, basi mji mzima ulimsikia. "Yakhe, mimi nimekufa lini?"

Sitaeleza kicheko. Wengine walikaa chini kwenye mchanga. Tatizo, waliokuwa mbali na uwanja walisikia spika nusu tu, ile nusu ya kwanza. Boti ya Shela ikaondoka na habari. Shangazi yake kocha akaangua kilio. Mtu wa Matondoni akaja na punda na kilo kumi za mchele wa rambirambi, akamkuta marehemu mlangoni anakunywa kahawa tungu. Mchele haukurudishwa. Mke wa kocha hajanisemesha mpaka leo, na chupa ya chai nasikia ameiweka juu ya kabati, hataki hata kuiona.

Mnaoniuliza kama kuna video: ipo, msinitumie, nimeshatumiwa mara thelathini na moja, mara moja na mama yangu mzazi.

Jana usiku nimekaa barazani, simu ikalia. Namba yake. Nikaipokea nikiwa nimesimama.

"Marehemu anakusalimu," akasema. "Jumamosi tunacheza Faza, mtangazaji ni wewe. Maji yanajaa saa tatu asubuhi. Njoo na karatasi mbili."