Nailoni Iacheni Inywe Maji

Tangazo linasema: "Gia za nailoni 6 halisi, hazinywi maji." Haya. Ama hiyo si nailoni 6, aina ya kawaida ya plastiki ya nailoni, ama muuzaji hajawahi kuipima gia yake kwenye mizani. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, nailoni 6 hunywa maji kama asilimia 2.7 ya uzito wake. Ukiizamisha mpaka ishibe, hufika 9 hivi. Nailoni 12, ndugu yake, hunywa kidogo sana, hilo nalikubali shingo upande, ila ni laini zaidi na bei yake mnaijua.

Kinachokera zaidi ni hofu kwamba unyevu "umeiharibu". Molekuli za nailoni ni minyororo mirefu ya atomi, nayo hushikana kwa vifungo vya hidrojeni: NH (nitrojeni na hidrojeni) ya mmoja kwa CO (kaboni na oksijeni) ya jirani. Kifungo kimoja hakifikii hata sehemu ya kumi ya nguvu inayoshikilia atomi za mnyororo wenyewe. Hufunguka na kujifunga tena. Mnyororo hautelezi mpaka vifungo vya pale vilipo viachie, ndiyo maana nailoni kavu ni ngumu na hukatika kwa pigo. Maji yakijipenyeza, NH huyashika yenyewe badala ya jirani, na mnyororo hupata nafasi ya kucheza. Fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga na kubanana, haziingiliki, basi gia haiyeyuki majini. Joto la kulegea hushuka kutoka nyuzi 50 na ushei hadi chini ya sifuri ikishiba. Ugumu hupungua kwa zaidi ya nusu, lakini gia hustahimili vishindo. Ikaushe, vifungo vinarudi.

Kwa hiyo gia iliyotoka kwenye moldi leo msiifunge kwenye mashine leo! ISO 1110, kiwango cha kimataifa cha kuipa nailoni unyevu, inataka nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 62 mpaka uzito utulie. Hamna chumba hicho? Loweka kwenye maji ya moto, futa, pima. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 2.5 hadi 3, toa, kisha funga kwenye mfuko maji yasambae hadi kiini. Acheni nafasi pia: gia ya milimita 100 hutanuka zaidi ya nusu milimita, na meno yaliyobana yatakwama.

Kuyeyusha punje za nailoni ili kutengeneza gia ni habari nyingine kabisa. Punje zenye unyevu zikifika nyuzi 250, maji hukata mnyororo wenyewe, na hapo hakuna oveni itakayourudisha. Mtaona michirizi ya fedha, mapovu, na uji mwepesi kupita kiasi. Kausheni kwa nyuzi 80, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2, kwa hewa iliyokaushwa kwanza. Oveni ya kawaida inayovuta hewa ya Dar wakati wa masika haifiki hapo, hata ikilala inawaka.