Megalodoni hajajificha popote

Ndugu mwandishi, umesema megalodoni, yule papa mkubwa mno wa kale, huenda bado yumo vilindini kwa sababu hata samaki aitwaye silikanti alidhaniwa ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapo sikubaliani nawe. Mifupa ya papa ni gegedu, huoza upesi, lakini meno hubaki, na papa hudondosha na kuotesha meno maelfu maishani mwake. Jino la megalodoni hufika sentimita 17, linafunika kiganja cha mtu mzima! Angekuwapo, tungeokota meno mapya. Yote tuliyonayo ni ya kale, na inakadiriwa alitoweka miaka milioni 3.6 iliyopita. Tena alipenda maji ya uvuguvugu na mawindo makubwa kama nyangumi. Huko chini kwenye baridi angekula nini?

Inaniuma kwa sababu huku Kigoma vijana wa mwalo wa Kibirizi sasa wanauliza kama yumo Ziwa Tanganyika, kisa kina chake kinakaribia mita 1,470. Hayumo, na ziwa hili halina papa wa aina yoyote. Tafadhali, safari ijayo waandikie habari za papa potwe wa Mafia, yule mwenye madoa meupe mgongoni, aliye hai kweli na anayehitaji kulindwa.