Kabla Damu Haijafika kwa Mkemia Mkuu

Ajali ikitokea barabara ya Morogoro au ya Singida, na dereva akawa ananuka pombe, kijiweni utasikia maneno yale yale: "Si wampime tu?" Kama vile kupima ni tendo la dakika moja lenye jibu lisilo na ubishi. Nafanya kazi ya maabara hapa mkoani Dodoma, na polisi hutuletea watu tuwatoe damu, mara nyingi usiku. Mimi naamini kesi za namna hii huharibika mapema, kabla mashine haijawashwa, na kinachoziharibu zaidi ni saa ambayo hakuna aliyeiandika.

Tupige hesabu. Kikomo cha sheria yetu ya usalama barabarani kwa dereva wa gari binafsi ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida hupunguza kiwango hicho kwa miligramu 10 hadi 20 kila saa, na hakuna kahawa, supu wala kumwagiwa maji kunakouharakisha. Chukulia gari dogo la mtu binafsi limegonga Kibaigwa saa 2 usiku. Majeruhi wanawahishwa hospitali kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Dereva anakaa kituoni, askari wa zamu anahangaika na usafiri, damu inakuja kutolewa saa 7 usiku. Majibu: miligramu 30.

Je, alikuwa amelewa kisheria? Kama mwili wake hupunguza 10 kwa saa, wakati wa ajali alikuwa na 80, yuko kwenye mstari wenyewe, hajauvuka. Kama hupunguza 20, alikuwa na 130. Na hapo tumekubali kwamba pombe yote ilishaingia kwenye damu kabla ya ajali. Aliyemaliza chupa ya mwisho akiwa anapanda gari anavuruga hesabu yote. Sasa futa ile saa 7 kwenye karatasi, bakiza tarehe peke yake, kama fomu nyingi zinazopita mikononi mwangu. Hapo hata mtaalamu hodari hana pa kuanzia, na wakili wa utetezi anayejua kazi yake atauliza swali moja tu na kukaa.

Ndiyo maana nakiunga mkono kipima ulevi cha trafiki, pamoja na lawama zake zote. Kinasoma pale pale barabarani. Kinapima pumzi, kisha kinakadiria damu kwa kuchukulia kwamba kilevi kilichomo kwenye damu ni mara 2,100 ya kilichomo kwenye hewa ya mapafu, kadirio ambalo halimkai kila mtu sawasawa. Aliyetoka kupiga funda, au aliyecheua, ana pombe mdomoni inayopandisha namba, kwa hiyo asubirishwe dakika 15 huku anaangaliwa, bila kula wala kunywa. Askari aliyesimama juani na foleni ya mabasi mbele yake hapendi kusubiri. Lakini dakika hizo 15 zinaokoa miezi ya kesi. (Na kwa wanaoniuliza: hapana, kifaa hakitofautishi mvinyo wetu wa zabibu, ujimbi na gongo. Kilevi ni kile kile.)

Kwenye damu yenyewe mambo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mazoea ya kila mtoa damu ni kupangusa ngozi kwa spiriti. Kwa kipimo cha malaria haina neno. Kwa kipimo cha pombe umempa mshtakiwa hoja, hata kama kiasi kinachoweza kuingia ni kidogo, kwa hiyo tumia dawa ya kusafishia isiyo na kilevi, na andika kwamba umeitumia. Halafu tyubu. Inayotakiwa ni yenye sodiamu floridi, ile ya kifuniko cha kijivu. Chumvi hiyo inazuia vijidudu kuchachusha sukari ya kwenye damu ikawa pombe. Ukichukua tyubu yoyote iliyo karibu, ikasahaulika kwenye gari la polisi mchana wa Oktoba, na joto la Dodoma mwezi huo tunalijua, pombe inaweza kutengenezwa humo humo. Kifuniko kikilegea ni kinyume chake, pombe inapungua kwa kuvukiza. Kosa moja linamfunga asiye na hatia, lingine linamwachia mwenye hatia, na majibu ya yote mawili huja yamechapwa vizuri na mhuri juu.

Kuna pia hospitali zinazopima kilevi kwenye maji ya damu, yaani seramu. Hapo namba husoma juu kuliko damu nzima kwa sababu seramu ina maji mengi zaidi. Sheria inazungumzia damu.

Dereva akifa, ugumu unaongezeka. Maiti inayoanza kuharibika hutengeneza pombe yenyewe, na ndiyo sababu wataalamu hupenda kulinganisha damu na ute wa jicho, ambao huchelewa kuguswa na vijidudu. Familia inayodai bima ingefaa kulijua hili kabla ya kukubali kwamba marehemu alikuwa mlevi.

Dawa za kulevya nazo zina saa yake. Bangi iliyokamatwa mbichi hukauka na kupungua uzito, na chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015 uzito una nguvu kubwa kwenye dhamana na kifungo. Usipopima siku ya kukamata, mbele ya mashahidi, mahakamani zitakuja namba mbili na kila mtu atamshuku mwenzake kwamba kachota. Mirungi ni zaidi: kathinoni, kemikali yake kali, huanza kupotea ndani ya siku chache majani yakinyauka, ikabaki kathini iliyo dhaifu. Mzigo uliokamatwa njia ya Kondoa ukalala stoo wiki nzima si ule ule uliokamatwa. Na mkojo wa mvuta bangi unaweza kuonyesha mabaki yake siku kadhaa, kwa mvutaji sugu hata wiki kadhaa, kwa hiyo hauthibitishi kwamba alikuwa amelewa nayo alipogonga mtu. Nimesikia watu wenye vyeo wakisema unathibitisha.

Mahakama ya Rufani ilishaeleza, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, kwamba kielelezo kifuatiliwe kwa maandishi kwa mfuatano wa wakati, tangu kukamatwa hadi kinapoishia. Baadaye ikalegeza: ushahidi wa mdomo unaweza kutosha, hasa kwa kitu kisichobadilika mikono kirahisi. Kwa pikipiki iliyoibwa nakubali bila shida. Kwa tyubu ya mililita chache sikubali, na sioni shahidi gani atakumbuka kwa mdomo, miaka miwili baadaye, kwamba ilikaa kwenye friji au kwenye droo.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina mashine za kutenganisha na kutambua kemikali kwa uhakika, na ina ofisi hapa hapa Dodoma. Tunapoombea bajeti ya mashine zaidi, naombea kitu cha bei ya chini sana: kasha moja kila hospitali ya wilaya, Manyoni, Kongwa, Bahi, lenye tyubu mbili za kijivu, dawa ya kupangusia isiyo na kilevi, lakiri, na fomu yenye nafasi ya saa ya tukio, saa ya kutoa damu, na saini ya kila aliyeishika. Tyubu ya kwanza iende kwa Mkemia. Ya pili ifungwe mbele ya mshtakiwa, ihifadhiwe kwenye baridi, na akitaka ipimwe na mtaalamu wake, asizuiwe. Nimeambiwa hilo litawapa walevi mwanya. Kama tyubu ya kwanza ilitolewa inavyopaswa, ya pili itasema kilekile, na upande wa mashtaka utakuwa umepata shahidi wa bure.