Doa kwenye jicho, surua ya zamani

Mtoto wa miaka 10 analalamika kwamba akisoma, herufi za katikati ya neno hazioni. Daktari wa macho anamulika na kukuta doa jeupe katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lakini ute wa ndani ya jicho ni safi, karibu hauna dalili ya uvimbe. Wengi hapo watawaza toksoplasma, kimelea kinachoshambulia jicho, na mara nyingi watakuwa wamepatia. Wachache watamuuliza mama: huyu aliwahi kuugua surua?

Swali si la bure. SSPE ni ugonjwa wa ubongo unaotokana na virusi vya surua vilivyojificha mwilini, na huibuka kwa kawaida miaka 6 hadi 10 baada ya mtoto kupona. Karibu wote wanaoupata hufa. Macho huathirika kwa asilimia 10 hadi 50 ya wagonjwa, na kwa baadhi yao huanza kuharibika wiki kadhaa, pengine hata miaka miwili, kabla ya viungo kuanza kushtukashtuka na masomo kuporomoka.

Je, kila mtoto mwenye doa kama hilo apimwe SSPE? Wanaotaka vipimo vya mapema wana hoja: mtoto huyo anaweza kupewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kutibu jicho, wakati virusi viko kichwani. Dawa kama isoprinosini na interferoni huwasaidia baadhi tu, tena kwa kupunguza kasi; kilichokwisha kufa ubongoni hakirudi.

Upande wa pili nao hauropoki. Ugonjwa ni nadra: utafiti wa California ulikadiria mtoto 1 kati ya 609 waliougua surua kabla ya kutimiza mwaka. Ukimchoma kila mwenye doa sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo ili yapimwe, utawaumiza wengi ili umpate mmoja, ambaye hata hivyo huna tiba ya kumponya.

Mimi naegemea kwenye swali kabla ya sindano. Kama surua ilimpata kabla ya miaka miwili, apimwe umeme wa ubongo, hakuna maumivu. Ila mwanzoni kipimo hicho huweza kutoka salama, kwa hiyo historia ikiwa nzito, kingamwili za surua zitafutwe kwenye maji ya uti wa mgongo. Na kadi ya chanjo isimnyamazishe daktari. Chanjo haileti SSPE, lakini mtoto aliyechanjwa akiwa na miezi 9 huenda surua ilikwishampitia akiwa na miezi 6.