Uasi wa Fela Kuti na Malezi ya Wanawe

Mwanamuziki anayeikabili serikali kwa nyimbo zake husifiwa kwa ujasiri, na mara nyingi anastahili sifa hizo, lakini ni mara chache watu huuliza ni nani aliyebaki na watoto wake usiku aliokuwa mahabusu. Swali hilo linamgusa Fela Anikulapo Kuti wa Nigeria, mwasisi wa mtindo wa muziki wa Afrobeat aliyefariki tarehe 2 Agosti 1997, kuliko pengine mwanamuziki mwingine yeyote wa bara hili. Alikuwa mwasi kwa maisha yake yote, na alikuwa baba wa watoto kadhaa ambao watatu kati yao, Yeni, Femi na Seun, wamezungumza hadharani kwa miaka mingi kuhusu maana ya kulelewa naye.

Tuanzie nyumbani alikolelewa yeye. Baba yake, Mchungaji Israel Ransome-Kuti, alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya Abeokuta na rais wa kwanza wa chama cha walimu cha Nigeria, mtu aliyeamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na fimbo yake haikuwabagua wanawe na wanafunzi wengine. Mama yake, Funmilayo, aliwaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi hadi mtawala wa mji huo, Alake, akalazimika kukiacha kiti chake mwaka 1949. Fela alipelekwa London mwaka 1958 ili asomee udaktari, naye akajiandikisha chuo cha muziki. Watu wengi huutaja uamuzi huo kuwa uasi wake wa kwanza. Mimi naona uasi wake wa kina zaidi ulikuja baadaye, alipokuwa baba, pale alipoamua kwamba nyumba yake haitafanana hata kidogo na nyumba ya mchungaji.

Nyumba hiyo ilikuwa Kalakuta, makazi aliyoyatangaza kuwa jamhuri inayojitegemea ndani ya Lagos. Wanamuziki, wacheza ngoma, jamaa na vijana waliokimbia kwao waliishi humo pamoja. Watoto wake hawakumwita baba. Walimwita Fela, kama alivyoitwa na kila mtu, kwa sababu hakutaka damu impe mtu yeyote cheo juu ya mwingine. Kwa jamii zetu, ambako hata mtoto wa jirani hathubutu kumtaja mtu mzima kwa jina tupu, jambo hilo linaweza kuonekana utovu wa adabu uliohalalishwa. Lina hoja yake, hata hivyo. Mtu anayeimba dhidi ya madaraka ya wanajeshi, kisha akadai utii usiohojiwa mezani kwake, anakuwa ameuacha ujumbe wake mlangoni. Fela hakutaka kuishi namna mbili, na uthabiti huo ni sehemu kubwa ya sababu watu wa mitaa duni ya Lagos walimwamini.

Imani hiyo ilikuwa na gharama. Tarehe 18 Februari 1977, baada ya wimbo wake wa kuwadhihaki wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri, askari wapatao elfu moja waliivamia Kalakuta, wakawapiga waliokuwamo na kuiteketeza nyumba. Funmilayo alitupwa kutoka dirisha la ghorofani, na alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1984 Fela alikamatwa uwanja wa ndege akielekea Marekani na bendi yake, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kosa la fedha za kigeni. Alitoka mwaka 1986, na muda wote wa kifungo Femi ndiye aliyesimama mbele ya bendi ya baba yake. Kuyatumia mambo haya kama ushahidi kwamba Fela aliipuuza familia yake kungekuwa kumhamishia yeye hatia ya wale waliochoma nyumba na kumfunga. Wanaosema angenyamaza kwa ajili ya wanawe wanasahau pia kwamba wana hao walikuwa wakikua katika nchi hiyohiyo, chini ya bunduki hizohizo. Tanzania nayo iliionja hofu hiyo mwezi Aprili 2017, msanii Roma Mkatoliki na wenzake walipochukuliwa kutoka studio ya Tongwe Records jijini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo maswali ya nchi nzima yalikuwa kwanza maswali ya nyumbani kwao.

Ila yapo mambo ambayo hayakuletwa na askari, na hapo ndipo utetezi wa Fela unaponilegea. Femi ameeleza katika mahojiano kwamba baba yake hakumfundisha muziki. Alimwachia ajifunze mwenyewe, na alipoacha shule akiwa kijana, baba hakumzuia. Hakuna serikali iliyomlazimisha Fela kufanya hivyo. Hakuna pia amri ya kijeshi iliyomfanya aoe wanawake ishirini na saba kwa siku moja mwaka 1978, wakati Remi, mkewe wa kwanza na mama wa Yeni, Femi na Sola, alikuwa bado yupo. Kazi ya kila siku ya kulea, ile ya kuamka usiku mtoto anapougua na kuuliza kama daftari limeandikwa, haikutoweka kwa sababu Fela aliikataa kifalsafa. Ilibebwa na wanawake, na Remi hakuandikwa kwenye jalada la historia kama shujaa wa kitu chochote.

Wapo wanaojibu kwamba haiwezekani kupata Fela mwenye nyimbo zile pamoja na Fela mwenye kukagua daftari. Jibu hilo lingenishawishi kama Funmilayo asingekuwepo. Mwanamke aliyemng'oa mtawala kwenye kiti alikuwa pia mama mkali, mwenye saa na utaratibu, na katika nyumba yake alitoka si Fela peke yake bali pia Olikoye, daktari wa watoto aliyekuja kuwa waziri wa afya wa Nigeria. Fela alikuwa ameuona uasi na malezi vikikaa ndani ya mtu mmoja tangu utotoni. Aliichukia fimbo, na alikuwa na haki ya kuichukia, lakini pamoja na fimbo alitupa pia uangalizi, kana kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Femi alijaribu kuvitenganisha. Alijitoa katika bendi ya baba yake mwaka 1986 na kuunda ya kwake, Positive Force, hatua iliyowafanya wawili hao wakae kwa muda mrefu bila kuelewana. Alipopata mtoto, Made, alimwanzisha tarumbeta tangu akiwa mdogo sana, akamweka kwenye bendi, kisha akampeleka London kusoma muziki katika chuo kilichorithi kile alichosoma babu yake. Mwaka 2021 wawili hao walitoa albamu zao kwa pamoja, na katika ya kwake Made alipiga ala zote mwenyewe. Nyimbo za Femi hazikupungua makali kwa viongozi wa Nigeria kwa sababu ya kazi hiyo ya uzazi. Ni kweli kwamba alilea katika wakati ambao utawala wa kiraia ulikuwa umerudi tangu 1999, na kumlinganisha na baba yake bila kulitaja hilo si haki. Lakini kumfundisha mwana noti za muziki hakukuhitaji kungoja uchaguzi.

Anayenifanya nisite kuifunga hukumu ni Seun, mdogo wa Femi, aliyezaliwa mwaka 1983. Alianza kupanda jukwaani na baba yake akiwa mtoto mdogo, na Fela alipofariki yeye alikuwa na miaka 14; ndiye aliyeichukua Egypt 80, bendi ya watu wazima waliokuwa wakipiga na Fela tangu kabla hajazaliwa. Naiona hatari ya mtoto wa umri huo kukabidhiwa vita vya mzazi wake kabla ya kupata nafasi ya kuvichagua. Seun mwenyewe, akiwa sasa mtu mzima, amekuwa mtetezi mkubwa wa njia za baba yake, hata hili la kumwita kwa jina, na husema lilimfundisha usawa. Femi na Seun walitoka kwa baba mmoja, na kila mmoja ana haki ya kusema alichokipata na alichokikosa, ingawa katika simulizi za mashabiki ni ushuhuda wa Seun tu ndio unaorudiwa, na ule wa Femi huachwa mara tu unapofika kwenye masomo ya muziki ambayo hakuyapata.