Saba ya Namna Gani? Mabishano ya Midundo Migumu Katika Jazi

Wapenzi wa jazi ya kisasa wakikutana, mabishano ya midundo hayachelewi kuzuka. Mmoja atasema wimbo uko katika saba, mwingine atashikilia kumi na nne, na wa tatu atakata shauri kwamba huo si muziki bali ni hesabu za darasani. Wote watatu wanatazama namba, na namba ndiyo inayoeleza machache kuliko yote. Ukiniambia wimbo una mapigo 7, bado hujaniambia unatembeaje. Ninachotaka kujua ni mambo mawili: mapigo hayo yamegawanywa katika makundi gani, na kinachohesabiwa ni noti ya ukubwa gani.

Tuanze na makundi. Kalamatiano, ngoma ya kuchezwa ya Wagiriki, ina mapigo 7 yaliyogawanywa 3+2+2. Rachenitsa ya Wabulgaria nayo ina 7, ila ni 2+2+3. Kwenye karatasi zote mbili huweza kuandikwa 7/8 (namba ya juu ni idadi ya noti katika kila baa, yaani kila mzunguko wa mapigo; ya chini ni ukubwa wa noti, 8 ikiwa thumni na 4 ikiwa robo), lakini aliyezoea moja akiingia kwenye nyingine na hatua zake za kawaida atamkanyaga mwenzake papo hapo, maana hatua ndefu ya kalamatiano iko mwanzoni na ya rachenitsa iko mwishoni. Sikio nalo lina tabia hiyo hiyo. Halihesabu moja hadi saba, linangojea hatua ndefu.

Don Ellis, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyeongoza bendi kubwa, alilielewa jambo hili vizuri. Kipande chake cha mapigo 19, alichokipiga kwenye tamasha la jazi la Monterey mwaka 1966, hakukipa jina la namba hiyo. Alikiita "33 222 1 222". Ukijumlisha utapata 19, lakini jina linakupa kilicho bora kuliko jumla, nacho ni mwendo: makundi mawili ya tatu, matatu ya mbili, pigo moja la peke yake, kisha matatu ya mbili tena. Msomaji anaweza kuyapiga makofi hapo alipo.

Jambo la pili, ukubwa wa noti, ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloeleza lalamiko la siku nyingi kwamba vipimo vya witiri, yaani vya namba zisizogawanyika kwa mbili, vimeua swingi. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, ila sababu haisemwi. Swingi huzaliwa ndani ya pigo moja: noti ya robo inagawanywa vipande viwili visivyo sawa, kirefu kwanza, kifupi baadaye. Katika mwendo wa wastani kile kirefu hukaribia kuwa mara mbili ya kifupi. Kasi ikipanda, tofauti hiyo hupungua na vipande husogea kuwa sawa. Kwa hiyo swingi inataka noti za thumni, yaani nusu za robo, zije mbili mbili. Katika 5/4 na 7/4 zinakuja hivyo bila taabu, kwa sababu kila pigo ni robo kamili na jozi yake iko ndani. Lakini katika 7/8 ya 2+2+3, kundi la mwisho lina thumni tatu. Mbili zinashikana, ya tatu inabaki bila mwenzake. Ukilazimisha urefu na ufupi hapo, kundi linapinda, mpiga besi anatua mahali pake na mpiga piano pake. Ndiyo maana bendi nyingi huzinyoosha thumni zote ziwe sawa, na swingi inaondoka. Hata wapigaji wanaoijua swingi barabara hulazimika kufanya hivyo.

Albamu ya mpiga piano Dave Brubeck ya mwaka 1959, Time Out, inaonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja. "Take Five", iliyotungwa na mpiga saksafoni wake Paul Desmond, ni 5/4. Besi ya Eugene Wright inakalia pigo la 1 na la 4, hivyo 3+2 inasikika tangu baa za mwanzo, na juu yake toazi la Joe Morello linaswingi kabisa. "Blue Rondo à la Turk" ni 9/8: baa tatu za 2+2+2+3, ya nne ni 3+3+3, jumla thumni 36 ndipo mpangilio uanze upya. Humo thumni zimenyooka zote. Solo zinapoingia, bendi inahamia kwenye blues ya 4/4 na swingi inafunguka mara moja. Kabla ya kuhama moja kwa moja wanapokezana, baa mbili za 9/8, baa mbili za 4/4, na mpito huo ni funzo tosha: utasikia kabisa mahali ambapo thumni zinaacha kuwa sawa. Wanaoutaja wimbo huu kama ushahidi kwamba mwaka 1959 watu walikuwa wakipiga solo katika 9/8 hawajausikiliza hadi katikati. Nasema hivi nikiupenda wimbo wenyewe. Sifa yake iko kwenye utunzi.

Sasa, jinsi ya kuupata mdundo kwa sikio. Usianze na ngoma, kwa sababu mpiga ngoma mzuri ndiye anayeficha zaidi. Anza na besi. Tafuta kifungu kinachojirudia, ugonge meza pale tu kinapoanza, mara kadhaa, bila kuhesabu chochote. Mkono ukishauzoea urefu huo, tafuta noti ndogo kabisa inayokwenda sawasawa bila kuruka; mara nyingi iko kwenye haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) au toazi kubwa. Hapo ndipo uhesabu ni noti ngapi zinazoingia kati ya pigo moja la meza na linalofuata. Ukipata 11, kazi bado. Jaribu 3+3+3+2, jaribu 4+4+3, jaribu 2+2+3+2+2, huku ukisikiliza ni mgawanyo upi unaoangukia pale akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinapobadilika na pale besi inapogusa noti zake za chini.

Kuhesabu kwa namba kunakwamisha kasi ikizidi. "Kumi na moja" peke yake ni silabi tano, nazo haziwezi kuingia ndani ya thumni moja ya haraka. Silabi za wapiga ngoma wa India Kusini zinafaa zaidi: "taka" kwa kundi la mbili, "takita" kwa la tatu, "takadimi" kwa la nne. Basi 11 ya 4+4+3 inakuwa takadimi takadimi takita, na ulimi haukwami. Irudie polepole mpaka mguu ujue wenyewe mwanzo wa kila kundi, ndipo uongeze mwendo. Wengi hukosea hapa kwa kukaza mguu kwenye kila noti. Mguu ukanyage mwanzo wa kundi tu, noti nyingine uachie mdomo, la sivyo utachoka kabla ya solo ya kwanza kwisha na mgawanyo hutausikia.

Turudi kwenye bishano la saba na kumi na nne, maana lina maelezo rahisi. Chukua wimbo wa 7/4 ambao mpiga ngoma ameamua kugonga sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kila pigo la pili, kama vile ni 4/4. Katika baa ya kwanza sneya inaangukia 2, 4 na 6. Katika baa ya pili inaangukia 1, 3, 5 na 7. Besi na sneya zinakutana tena kama mwanzo baada ya mapigo 14. Aliyeshika besi atasema saba, aliyeshika sneya atasema kumi na nne, na anayepiga makofi pamoja na sneya ataapa kwamba ni nne za kawaida kabisa. Mimi naamua kwa akodi. Zikizunguka kila mapigo 7, kipimo ni saba, na sneya ni pambo lililowekwa juu. Zikizunguka kwa 14 zisizokatika katikati, kwa mfano 4+4+3+3, ambamo pigo la 8 si mwanzo wa kundi lolote, basi kumi na nne ni halali na mwenye kudai saba amepotea.

Kuna wanaosema mapigo ya witiri si ya asili, kwamba mwili wa binadamu una miguu miwili na hauwezi kuyakubali. Hoja hii imeshajibiwa. Mwaka 2005 watafiti Erin Hannon na Sandra Trehub waliwapima watu wazima wa Amerika Kaskazini kwa nyimbo za vipimo vya kawaida na nyimbo za kibalkani za vipimo vya witiri. Walipovurugiwa mdundo wa kawaida waliutambua; walipovurugiwa ule wa kibalkani walishindwa. Watu wazima waliotoka Bulgaria na Makedonia waliutambua uharibifu kote kuwili. Watoto wachanga wa miezi 6 wa huko huko Amerika Kaskazini pia waliutambua kote kuwili. Yaani sikio linazaliwa wazi, kisha mazoea yanalifunga. Na ukiitazama rachenitsa ikichezwa kijijini, miguu miwili inatosha.

Swali ambalo ningependa lizue mabishano zaidi ni lile la nyimbo za zamani zinazohamishiwa kwenye vipimo vipya. Mpiga piano Brad Mehldau na kikundi chake cha watu watatu walipiga "All the Things You Are" katika 7/4 kwenye albamu ya mwaka 1999 iliyorekodiwa katika klabu ya Village Vanguard, New York, na tangu hapo mtindo huo umeenea sana. Mpangaji ana njia mbili. Wimbo huo una baa 36 za mapigo manne, jumla 144. Akiipa kila baa mapigo 7, wimbo unanyooshwa hadi 252: kila akodi inakaa muda mrefu, mpiga solo anapata nafasi, lakini sauti ya wimbo inabaki na mashimo ambayo lazima yajazwe. Akibana kila baa mbili za nne ziwe baa moja ya 7, wimbo unapungua hadi 126: akodi moja inapata mapigo manne, inayofuata inapata matatu, na msikilizaji anahisi pigo limeporwa kila mara. Njia ya pili ni ngumu zaidi na kwa maoni yangu ndiyo yenye muziki zaidi, kwa sababu neno la wimbo linafika mapema kuliko lilivyozoeleka na sikio linabaki macho. Ile ya kwanza huishia mara nyingi kuwa akodi moja ndefu yenye watu wanne wanaosubiri.

Tena ugumu wa mdundo hauhitaji witiri. Gonga mapigo 6 yaliyo sawa. Mkono wa kulia uguse la 1, la 3 na la 5, wa kushoto uguse la 1 na la 4. Hiyo ni tatu juu ya mbili, na mpiga ngoma Elvin Jones alijenga humo sehemu kubwa ya upigaji wake katika bendi ya John Coltrane. Au sikiliza "Footprints" ya Wayne Shorter jinsi kikundi cha Miles Davis kilivyoirekodi mwaka 1966. Baa ya robo 6 ina thumni 12. Thumni hizo ukizikata mbili mbili unapata mapigo 6, ukizikata tatu tatu unapata mapigo 4 marefu, na mpiga ngoma Tony Williams na mpiga besi Ron Carter wanahama kutoka mkato mmoja hadi mwingine bila kutoa taarifa. Hakuna anayebishania namba ya wimbo huo, na bado unawapoteza wasikilizaji wengi kuliko 5/4 yoyote.

Kasoro ya jazi ya leo naiona kwingine kabisa: ostinato, kifungu cha besi kinachorudiwa bila kubadilika kuanzia mwanzo wa solo hadi mwisho. Kinawekwa kwa sababu bila hicho bendi haijui ilipo. Mpiga ngoma naye, kwa hofu hiyo hiyo, anapasua toazi kwenye kila pigo la kwanza. Matokeo yake ni kwamba solo inapigwa juu ya ukuta. Mpiga besi hawezi kumjibu mpiga saksafoni kwa sababu amekabidhiwa ulinzi wa hesabu. Wanaosema muziki huu umekauka mara nyingi wanalisikia hili, kisha lawama wanavitupia vipimo kama 11. Mazoezi ndiyo hayajatosha. Bendi ikiweza kuiacha ostinato kwa mizunguko miwili mizima, toazi likanyamaza kwenye pigo la kwanza, mpiga besi akatembea anakotaka, na bado wote wakatua pamoja mzunguko wa tatu unapoanza, basi hiyo 11 wameshaimiliki.